Moyo wa Mgonjwa na Mganga Aliye Mbali

Soma kwanza: 1 Timotheo 5:23, na Marko 2:1-12.

Ndugu msomaji, mtu asomaye barua ya kwanza kwa Timotheo hupita upesi juu ya mstari mmoja mdogo wa sura ya tano. Katikati ya maneno ya wajane, na wazee, na kuwekea watu mikono, Paulo anakumbuka tumbo la mwanawe katika imani. Timotheo alikuwa Efeso, naye Paulo alikuwa mahali pengine. Lakini alijua ya kuwa kijana huyu huugua mara kwa mara, akampa shauri la afya ndani ya barua. Hakumwambia angoje mpaka wataonana. Alimwandikia, akatumaini ya kwamba Timotheo atafanya kama alivyoambiwa.

(Wako wanaoupenda mstari huu kwa ajili ya divai iliyotajwa humo, nao hutuletea hoja hiyo mpaka hospitalini. Tunawajibu ya kuwa kiasi kilichotajwa ni kidogo, tena ni kwa ajili ya tumbo. Lutuku ya Jumamosi jioni haimo.)

Somo letu la leo ni juu ya shauri la namna hiyo, ila si la tumbo, ni la moyo. Siku hizi mganga wa moyo akiwa katika mji mkubwa aweza kutazama mapigo ya moyo wa mgonjwa aliye mbali naye, akamwambia mwuguzi la kufanya, kabla mgonjwa hajapanda gari. Twataka ujue kazi hii inavyofanyika, inapoishia nguvu yake, na sehemu yako wewe mgonjwa.

Kwa nini jambo hili ni letu

Waganga waliojifunza kazi ya moyo peke yake ni wachache, nao hukaa katika miji mikubwa. Mtu wa Kakanda akiambiwa atafute mganga wa moyo, huelekezwa Likasi, na kutoka Likasi mara nyingi aambiwa aende Lubumbashi penye Kliniki za Chuo Kikuu, kilomita kama 120 mbele tena. Njiani ni malori ya madini na vumbi. Mtu mwenye moyo mchovu, ambaye hawezi hata kulala chali, akae garini namna ile! Tena lazima awe na mtu wa kumsindikiza, na fedha ya kula, na mahali pa kulala. Akifika huenda akapimwa kwa dakika kumi, akaambiwa arudi baada ya mwezi.

Basi, wengi hawaendi. Wengine huuza cherehani au mbuzi, wakaenda mara moja, wasirudi tena. Wengine hukaa nyumbani, jamaa wakaanza kutafuta nani aliyemroga, wakamwita mfumu. Sisi hatusemi ya kuwa mganga wa mbali apita mganga wa karibu. Wa karibu ni bora siku zote, maana aweza kukushika mkono na kusikiliza kifua chako kwa masikio yake. Lakini tukiwa hatuna wa karibu, je, tukae bila shauri lolote?

Si jambo la jana

Usidhani kazi hii imezaliwa pamoja na simu za mkononi. Katika nchi ya Uholanzi, mjini Leiden, alikuwako profesa jina lake Willem Einthoven. Ndiye aliyetengeneza chombo cha kuandika umeme wa moyo vizuri. Chombo chake kilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, kikaendeshwa na watu watano, na kukihamisha hakukuwezekana. Wagonjwa walikuwa hospitalini, na hospitali ilikuwa mbali na chombo kwa kilomita moja na nusu. Alifanya nini? Mwaka 1905 alitumia waya wa simu. Mgonjwa alibaki hospitalini, mapigo yake yakaenda katika waya, yakaandikwa kule mwisho. Mwaka 1924 Einthoven alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kuandika umeme wa moyo.

Katika Afrika yetu, yuko fundi wa Kameruni jina lake Arthur Zang. Aliona ya kwamba nchi yake yenye watu zaidi ya milioni 20 ilikuwa na waganga wa moyo wapatao 50 tu, nao karibu wote wakikaa Douala na Yaoundé. Akatengeneza kibao cha kushika mkononi, kiitwacho Cardiopad, chenye nyuzi za kubandika kifuani, chenye kupeleka picha kwa njia ya mtandao wa simu. Mwaka 2016 alipewa tuzo ya ufundi wa Afrika na chuo cha wahandisi cha Uingereza.

Na huko Brazili, katika jimbo la Minas Gerais, mwaka 2006 walianza kwa miji midogo 82. Wauguzi wa huko huchukua picha ya umeme wa moyo, wakaipeleka kwa waganga wa vyuo vikuu, wakajibiwa. Kazi ile imekua hata ikafika miji mamia. Nimetaja Brazili kwa makusudi. Vile vilikuwa vituo vidogo vya kawaida, vyenye mwuguzi na chombo kimoja, kama vituo vyetu.

Jinsi inavyofanyika

Tuseme amekuja mama mmoja, amezaa miezi miwili iliyopita. Amechoka sana, anakohoa usiku, miguu imevimba. Nyumbani wamesema ni baridi, wengine wamesema ni pumu, na mama mkwe amesema ni uvivu wa mwenye kuzaa. Mwuguzi anamkalisha na kumwuliza:

“Mama, unalala na mito mingapi?”

“Zamani mmoja, Baba. Sasa mitatu, na usiku wa jana nilikaa kitini.”

Swali hilo ni dogo, lakini lafungua mlango. Mtu ambaye pumzi humkatika akilala chali, akapata nafuu akiketi, huenda maji yamejaa mapafuni kwa sababu moyo haupigi kwa nguvu. Tena uko ugonjwa wa moyo uwapatao wanawake katika mwezi wa mwisho wa mimba, au katika miezi mitano baada ya kuzaa. Si pumu, si baridi, wala si uchawi. Moyo wenyewe umelegea. Usipotambuliwa waua mama, na kuacha mtoto mchanga. Ukitambuliwa mapema, wengi hupata nafuu kwa dawa, na wengine moyo wao hurudi nguvu zake zote.

Mwuguzi anampima mapigo ya mkononi, presha, uzito na pumzi. Kisha anamlaza kidogo, kichwa kikiinuliwa, anafuta mafuta kifuani, na kubandika nyuzi kumi: nne katika mikono na miguu, sita kifuani. Nyuzi hizo kumi hutoa picha kumi na mbili za umeme wa moyo. Wagonjwa wengi huogopa hapa. Wasikia neno umeme, wadhani watapigwa na umeme kama wa ukutani. La! Chombo hakiingizi kitu mwilini. Chasikiliza tu umeme ule mdogo ambao Mungu ameuweka katika kila moyo, uufanyao upige mara kama 100,000 kwa siku pasipo sisi kuuamuru. Hakuna uchungu wowote. Kazi yako ni kulala kimya bila kutetemeka wala kusema.

Picha hiyo, pamoja na habari zote za mama, mwuguzi anaipeleka kwa mganga. Na hapa ndugu zangu wauguzi wanaosoma kitabu hiki wanisikie. Picha mbaya ni mbaya kuliko kutokuwa na picha, kwa sababu humdanganya aliye mbali. Uzi wa mkono wa kulia ukiwekwa kushoto, mganga ataona ugonjwa ambao haupo. Karatasi ikikunjwa, au ikipigwa picha gizani, vistari vidogo vitapotea. Andika umri, saa, dawa alizokunywa, na mgonjwa analalamika nini. Mganga wa mbali hana mikono wala pua wala masikio, ila yale tunayompelekea.

Jibu laweza kuja hivi: “Hii si pumu. Moyo umepanuka. Mpe dawa ya kutoa maji leo hii, apunguze chumvi, na apelekwe kufanyiwa ekografia ya moyo juma hili.” Ekografia ni chombo kingine, chaonyesha moyo wenyewe ukifunga na kufungua milango yake minne. Picha ya umeme haiwezi kuonyesha milango hiyo. Basi mama yule atasafiri vilevile. Lakini tazama tofauti: asafiri akiwa amekwisha kupewa dawa, pumzi imerudi, anajua aendako na kwa nini, na mganga wa kule anajua jina lake. Mwingine aliyekuja siku ile ile na maumivu ya kifua ataambiwa ya kuwa moyo wake ni mzima, maumivu ni ya misuli kwa ajili ya kubeba magunia, na mbuzi wake atabaki zizini. Faida hizi mbili ni sawa kwa uzito: kumpeleka upesi apasaye kwenda, na kumwacha nyumbani asiyepasa.

Na mama yule aambiwe na mumewe akiwapo: mimba nyingine yaweza kuurudisha ugonjwa kwa nguvu zaidi. Wasifikiri mimba kabla ya kusema na mganga. Neno hili ni gumu katika nyumba zetu, tena wakwe hawalipendi. Lakini yafaa lisemwe mbele ya wote wawili.

Koo la mtoto

Sasa nataka tukae kidogo Uganda, kwa maana jambo lililofanyika kule lawahusu watoto wetu hasa.

Mtoto wa miaka mitano mpaka kumi na mitano aumwa koo. Koo lapona lenyewe, mama asahau. Baada ya majuma mawili au matatu, goti lavimba, kisha kifundo cha mguu, maumivu yakahamahama. Hayo nayo yapita. Lakini mwili, ukipigana na kijidudu cha kooni, umejeruhi milango ya moyo. Koo likirudia, jeraha lazidi. Miaka kumi baadaye mtoto yule, sasa msichana wa kuolewa, hawezi kupanda kilima na ndoo ya maji. Huo ndio ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya maungo. Katika nchi tajiri umekuwa nadra, lakini kwetu bado ni adui wa nyumbani.

Huko Gulu, kaskazini ya Uganda, wauguzi wasio waganga wa moyo walifundishwa kutumia ekografia ndogo ya kushikwa mkononi, wakapima watoto mashuleni, na waganga wa moyo wakazihakiki picha. Kisha, tangu mwaka 2018, yalifanyika majaribio makubwa. Watoto 102,200 walipimwa. Wale walioonekana kuwa na mwanzo wa ugonjwa, ambao hawakuhisi lolote bado, 916 waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja walipigwa sindano ya penisilini kila baada ya majuma manne. Kundi la pili walitazamwa tu. Baada ya miaka miwili, katika kundi la sindano ugonjwa uliendelea kwa watoto 3. Katika kundi la pili, 33.

Soma tena hesabu hizo mbili. Dawa yenyewe ni ya zamani, ni penisilini ile ile ambayo babu zetu waliijua. Kipya ni kumtambua mtoto kabla hajaumwa, na hilo haliwezekani pasipo mikono ya mwuguzi penye watoto na macho ya bingwa, hata akiwa mbali. Lakini mganga wa mbali hawezi kupiga sindano. Kila majuma manne, mwaka hata mwaka, mama apaswa kumshika mtoto mkono na kumleta, siku ya mvua na siku ya mavuno, mtoto akiwa mzima machoni pake, akilia kwa sababu sindano ile ina maumivu kweli. Hapo ndipo wengi huacha.

Walimu wa shule ya Jumapili, mkisikia mtoto anasema koo linamwuma na homa ipo, msimwombee tu mkamwacha. Mwombeeni, kisha mmpeleke.

Mahali inapoishia

Nisiwadanganye. Mlango wa moyo ulioharibika kabisa hautengenezwi kwa simu. Wapaswa kupasuliwa, au kufunguliwa kwa mrija upitishwao katika mshipa. Kazi hiyo hufanyika mahali kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete huko Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, ambayo hupokea pia wagonjwa wa nchi jirani. Mganga wa mbali aweza kukuandalia safari hiyo na kukuambia kama yafaa. Hawezi kukupunguzia gharama yake.

Lakini baada ya kupasuliwa, msaada wake ni mkubwa mno. Mtu aliyewekewa mlango wa chuma moyoni hunywa dawa ya kuzuia damu isigande, kama warfarini, siku zote za maisha yake. Ikizidi, atatoka damu. Ikipungua, damu itaganda juu ya mlango, naye atakufa au atapooza. Basi damu yake lazima ipimwe mara kwa mara na kipimo cha dawa kibadilishwe. Nani atasafiri mpaka Dar es Salaam kila mwezi kwa ajili ya tone la damu? Damu ikipimwa karibu, hesabu ikapelekwa kwa simu, jibu likarudi siku ile ile, mtu huyo aweza kuishi kwake na kulima shamba lake.

Tena kuna umeme unaokatika, na mtandao unaopotea wakati wa mvua. Kituo chenye kazi hii chapaswa kuwa na betri au sahani za jua, na mtu mmoja anayejulikana wa kujibu, wala si namba ya simu isiyopokelewa. Chombo kisicho na mtu wa kujibu ni pambo la mezani. Tumeyaona mapambo ya namna hiyo.

Na kuna siri ya mgonjwa. Picha ya kifua cha mama wa watu si ya kupelekwa katika kundi la simu la kwaya. Ipelekwe kwa mganga peke yake, kwa ruhusa ya mgonjwa, kisha ifutwe katika simu ya mwuguzi. Una haki ya kuuliza, “Picha yangu yaenda kwa nani?” Mwuguzi asikasirike ukiuliza.

Sehemu yako

Wale watu wanne wa Kapernaumu hawakuwa waganga. Hawakujua kuponya hata kidogo. Walijua kubeba, na walipoona mlango umejaa watu, walipanda juu ya nyumba. Mgonjwa wa moyo ahitaji watu wa namna hiyo: mmoja wa kumkumbusha dawa, mmoja mwenye simu na uniti, mmoja wa kumpeleka kwa pikipiki usiku, mmoja wa kupika bukari yake bila kumwekea makayabu yenye chumvi nyingi kwenye sombe. Wazee wa kanisa waweza kupanga hili katika mkutano mmoja. Halihitaji fedha ya wageni.

Wewe mwenyewe, uje na dawa zako zote ndani ya mfuko, hata zile za sokoni na za majani, usifiche. Jipime uzito asubuhi, baada ya kukojoa, kabla ya kula, ukaandike katika daftari. Uzito ukizidi kilo mbili kwa siku tatu, hayo si mafuta, ni maji. Mpigie mwuguzi siku ile ile, usingoje siku ya kadi. Presha ikiwa 140 juu au 90 chini, au zaidi, na ikirudia hivyo, mganga apewe habari, hata kama husikii lolote mwilini. Usiache dawa kwa sababu umepona. Umepona kwa sababu ya dawa.

Na maumivu mazito kifuani, yanayobana kama jiwe, yanayokwenda mkononi au shavuni, pamoja na jasho baridi: hayo hayangojei ibada iishe. Toka katikati ya mahubiri. Mhubiri atakusamehe.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Timotheo angalipuuza shauri la barua, Paulo angalijuaje? Na mganga wetu wa mbali atajuaje kama dawa imenywewa?

2. Katika nyumba yako, nani huamua mgonjwa aende hospitali siku gani? Akiwa hayupo, nani huamua?

3. Tajeni watoto wa kanisa letu walioambiwa kupigwa sindano kila majuma manne. Je, mwezi huu wamekwenda wote? Asiyekwenda, nani atampitia kesho?